Kufuta data za zamani kwenye databesi kubwa: mkupuo mmoja, mafungu, kuhamia teibo mpya au patisheni?

Teibo imefika rekodi milioni 400, diski iko asilimia 88 na kila mwezi inapanda, ripoti ya asubuhi iliyokuwa inatoka chap sahivi unaenda kunywa chai unarudi bado inazunguka, na data za 2021 hakuna anayezigusa. Hapo kila mtu anakubali za zamani ziondoke. Mvutano unaanzia kwenye namna ya kuziondoa, manake njia ziko kadhaa na zote zinafuta kitu kilekile, ila kuna inayomaliza kwa sekunde, kuna inayokula usiku kadhaa, na kuna inayoweza kukulazia huduma mchana kweupe wateja wakiwa foleni.

Naziweka hapa ubavu kwa ubavu uone ipi ni yako. Nitatumia mfano mmoja tu tusipotezane: mfumo wa tiketi za mabasi, abiria akilipa kwa M-Pesa au Airtel Money jibu la mtandao linatua kwenye seva, na jibu zima linahifadhiwa kama lilivyokuja kwenye teibo inaitwa miamala_logi. Ina id, ina kolamu ya muda inaitwa iliyoingia, namba ya simu, kiasi, na mwili wa jibu kwa JSON. Tuseme leo ni mwanzo wa Julai 2025, ina rekodi milioni 400, tunataka kubaki na miezi 12 ya karibuni ambayo ni kama milioni 100, kwa hiyo milioni 300 ziondoke. Namba ni za mfano ila sura yake wengi mtaitambua, teibo za logi karibu zote zinakua hivyo.

Kabla hujachagua njia jiulize vitu viwili. Kwanza, kinachoondoka ni kingi kuliko kinachobaki au ni kidogo? Pili, hii kazi ni ya mara moja au itarudi kila mwezi? Majibu ya hayo mawili yanaamua karibu kila kitu, hata kabla hujataja kama uko Postgres au MySQL (programu za databesi). Watu wengi wanaanza na swali la tatu, kwamba amri ipi ina kasi, alafu wanashangaa mbona kwa mwenzao ilifanya kazi kwao imegoma.

DELETE ya mkupuo

Ndio inayokuja kichwani kwanza:

```
DELETE FROM miamala_logi WHERE iliyoingia < '2024-07-01';
```

Kwa teibo ya rekodi laki moja mbili hii haina shida yoyote, irushe uendelee na maisha. Kwa milioni 300 usiirushe, na sababu ziko ndani ya injini yenyewe.

Kwenye Postgres DELETE haiondoi rekodi. Inaiwekea alama tu kwamba tranzaksheni fulani (kazi inayokubaliwa yote au kukataliwa yote) imeifuta, rekodi yenyewe inabaki palepale kwenye faili mpaka VACUUM, yaani usafi wa Postgres, ipite baadae. Na VACUUM ya kawaida ikipita hairudishi nafasi kwa mfumo wa seva, inaweka tu alama kwamba hapa pako wazi panaweza kuandikwa kitu kipya, isipokuwa kama nafasi tupu iko mwishoni kabisa mwa faili ndio inakatwa. Rekodi za zamani kwa kawaida ziko mwanzoni mwa faili. Kwa hiyo unafuta robo tatu ya teibo, unaangalia diski, iko vilevile, na kibaya zaidi imepanda, kwa sababu kila rekodi iliyofutwa imeandikwa pia kwenye WAL, ile logi ya mabadiliko ya Postgres.

InnoDB, injini ya kuhifadhia data ya MySQL, inafika hapohapo kwa njia nyingine. Inatunza nakala ya zamani kwenye undo ili tranzaksheni zilizoanza kabla ziendelee kuona data yao, alafu uzi wa purge unakuja kusafisha nyuma. Ukifuta milioni 300 kwa tranzaksheni moja undo inavimba, ile namba ya history list length (nakala za zamani zinazosubiri kusafishwa) kwenye SHOW ENGINE INNODB STATUS inapaa, na kama iliyoingia haina indeksi (orodha ya kutafutia haraka) basi kwa utaratibu wake wa kawaida wa REPEATABLE READ inaloki (inafungia wengine wasiibadilishe) kila rekodi inayoipitia, hata ambayo haifutwi. Hapo ndipo mteja analipa na malipo yanakwama.

Na ukistuka ukakatisha katikati? Postgres inarudi papo hapo, tranzaksheni inahesabika kama haijatokea. InnoDB inaanza kurudisha rekodi moja moja, na inaweza kuchukua muda mrefu kuliko uliokwisha kutumia kufuta, na usidhani ukizima seva ukawasha ndio umepona, ikiwaka inaendelea kurudisha ilipoishia.

Kuna na replika, yaani seva nyingine inayotunza nakala ya ile kuu. MySQL inapeleka tranzaksheni kwa replika baada ya kukomiti (kuithibitisha), kwa hiyo kama kufuta kumechukua masaa mawili kwenye seva kuu, replika inaipokea yote kwa pamoja na kubaki nyuma kwa muda unaokaribia huohuo. Ripoti zako kama zinasoma replika, zinasoma data ya zamani bila mtu kujua.

TRUNCATE naitaja kwa ufupi tu. Inafaa pale unapotaka teibo yote iwe tupu, ni ya haraka sana na diski inarudi, ila haina WHERE ya kuchagua rekodi. Kumbuka Postgres inakuruhusu kuirudisha kama ulikuwa ndani ya tranzaksheni, MySQL hairudi. Na ile tabia ya kuweka kolamu ya imefutwa = 1 haimo kwenye mashindano haya kabisa, haipunguzi hata kilobaiti moja.

DELETE kwa mafungu

Hii ndio farasi wa kazi kwa mtu ambaye teibo yake tayari ni kubwa, haina patisheni (haijagawanywa vipande), na huduma haiwezi kusimama. Unafuta elfu tano, unakomiti, unapumzika kidogo, unafuta elfu tano nyingine. Kila tranzaksheni ni fupi, loki zinaachiwa haraka, replika inapata nafasi ya kukimbizana, na ukiamua kusimama saa yoyote unasimama, ulichokwisha futa kimefutwa.

Ila kuna namna nzuri na namna mbaya ya kukata mafungu. Wengi wanaandika hivi:

```
DELETE FROM miamala_logi
WHERE id IN (SELECT id FROM miamala_logi
             WHERE iliyoingia < '2024-07-01'
             ORDER BY id LIMIT 5000);
```

(Hii ni Postgres, ambayo DELETE yake haina LIMIT. MySQL unaandika tu DELETE ... ORDER BY id LIMIT 5000.) Inafanya kazi, mafungu ya mwanzo yanaruka kama mshale, alafu kadri muda unavyokwenda yanazidi kuwa mazito. Sababu ni kwamba kila fungu linaanza tena kutafuta kutoka mwanzo wa indeksi, na mwanzo wa indeksi sasa umejaa rekodi zilizokwisha kufutwa ambazo bado hazijasafishwa, inabidi izipite zote ndio ifike kwenye zilizo hai. Na fungu la mwisho kabisa ndio balaa, manake hakuna tena rekodi ya zamani, kweri (swali lako kwa databesi) inatembea indeksi nzima ya milioni 100 zilizobaki ikitafuta kitu ambacho hakipo.

Njia iliyo safi ni kutembea kwa id. Tafuta mara moja tu id ya mpaka, yaani id kubwa kuliko zote kwenye zile za kabla ya tarehe yako, alafu skripti inasonga mbele kwa hatua:

```
DELETE FROM miamala_logi
WHERE id >= :kuanzia AND id < :kuanzia + 5000
  AND iliyoingia < '2024-07-01';
```

Kila mzunguko unaongeza elfu tano kwenye :kuanzia na haurudi nyuma tena. Ile sharti ya iliyoingia iache humohumo kama ulinzi, kwa sababu id na muda haviendi sawa asilimia mia, kuna majibu yanachelewa kuingia. Na :kuanzia ihifadhi mahali, kwenye teibo ndogo au hata faili, skripti ikikatika usianze upya.

Piga hesabu ya muda kabla hujamwahidi mtu. Milioni 300 kwa elfu tano tano ni mafungu 60,000. Kama fungu moja linakula nusu sekunde na unapumzika nusu sekunde, ni sekunde 60,000, karibu masaa 17. Ukiwa unaendesha saa sita usiku mpaka saa kumi alfajiri tu, ni usiku tano hivi. Sio mbaya, ila mtu aliyetegemea iishe leo utakuwa umempa matumaini hewa.

Ukubwa wa fungu usinakili tu wa mwenzako. Kwenye SQL Server kuna mpaka wa kweli, amri moja ikishika loki kama 5,000 injini inajaribu kuzibadilisha kuwa loki moja ya teibo nzima, kwa hiyo watu wanakaa chini ya hapo. Kwingine anza na elfu moja, angalia replika iko nyuma sekunde ngapi, panda taratibu. MySQL wana pt-archiver kutoka Percona Toolkit, inafanya karibu yote haya: inatembea kwa primary key (ufunguo mkuu, kwetu ni id), inapumzika, ina uwezo wa kuiangalia replika na kusubiri. Default yake ni rekodi moja moja kwa hiyo lazima uiambie:

```
pt-archiver --source h=localhost,D=tiketi,t=miamala_logi \
  --where "iliyoingia < '2024-07-01'" \
  --limit 5000 --bulk-delete --commit-each --purge --dry-run
```

Ile --dry-run ya mwisho iache mpaka umesoma kweri inazotoa na umeridhika.

Kwa upande wa Postgres kuna kitu lazima ukifanye kabla hujaanza. Autovacuum, yaani VACUUM inayojiendesha, inasubiri rekodi zilizokufa zifike asilimia 20 ya teibo ndio iamke. Asilimia 20 ya milioni 400 ni milioni 80! Yaani unafuta milioni 80 nzima hakuna usafi wowote uliofanyika. Ishushe kwa hiyo teibo peke yake:

```
ALTER TABLE miamala_logi
  SET (autovacuum_vacuum_scale_factor = 0.01);
```

Na hakikisha hakuna mtu aliyeacha sesheni wazi ndani ya tranzaksheni tangu asubuhi. Sesheni moja ya hivyo inatosha kuzuia VACUUM isisafishe chochote kilichofutwa baada yake.

Kingine ni foreign key (kolamu inayoelekeza kwenye rekodi ya teibo nyingine), na hapa ndipo Postgres na MySQL zinatofautiana kimyakimya. Kama kuna teibo nyingine inayoelekeza kwenye hii, tuseme malalamiko ina kolamu ya muamala_id, kila rekodi unayofuta injini lazima iende kuangalia kama kuna lalamiko linaloitegemea. InnoDB inahakikisha hiyo kolamu ina indeksi, usipoiweka inaiweka yenyewe. Postgres haiweki. Bila indeksi, fungu la elfu tano ni kupekua teibo ya malalamiko nzima mara elfu tano. Ukiona DELETE ndogo inatambaa bila sababu yoyote inayoonekana, angalia hapo kwanza kabla hujalaumu diski.

Ubaya wa mafungu uko mmoja mkubwa, diski hairudi. Faili linabaki na ukubwa uleule. Ila usikimbilie kulibana, jiulize kwanza kama teibo bado inakua. Kama inakua, zile nafasi tupu zitajazwa na data mpya na hutahitaji diski nyingine kwa muda mrefu, hiyo peke yake ni faida ya kutosha. Ukilazimika kurudisha nafasi, VACUUM FULL inafunga teibo kabisa mpaka imalize, haisomeki wala haiandikiki, kwa hiyo pg_repack, nyongeza inayobana teibo huku ikiendelea kutumika, ni afadhali, na MySQL ni OPTIMIZE TABLE ambayo inajenga teibo upya. Hizi zote zinataka nafasi ya ziada ya kuandikia nakala mpya, kwa hiyo aliyefika asilimia 95 hazimsaidii.

Kunakili kinachobaki kwenye teibo mpya

Sasa rudi kwenye lile swali la kwanza. Sisi tunafuta milioni 300 tubaki na milioni 100. Kwa nini uguse milioni 300 wakati unaweza kugusa milioni 100? Unajenga teibo mpya, unahamishia zinazobaki, unabadilisha majina, ya zamani unaiangusha nzima kwa DROP na diski inarudi yote.

```
CREATE TABLE miamala_logi_mpya LIKE miamala_logi;
-- nakili kwa mafungu ya id, alafu:
RENAME TABLE miamala_logi TO miamala_logi_zamani,
             miamala_logi_mpya TO miamala_logi;
```

RENAME ya MySQL inabadilisha yote mawili kwa pamoja, hakuna sekunde ambayo teibo haipo. Postgres unaweka ALTER TABLE ... RENAME mbili ndani ya tranzaksheni moja, ni kitu kilekile. Teibo mpya inatoka imepangika, indeksi zimebana vizuri, na ile ya zamani unaweza kuiacha siku chache kama bima kabla ya kuiangusha. Hiyo bima mimi naipenda sana, hakuna njia nyingine hapa inayokupa nafasi ya kurudi nyuma kirahisi namna hiyo.

Ugumu uko kwenye zinazoingia wakati unanakili. Logi yetu inaongezwa tu, haibadilishwi, kwa hiyo unanakili mpaka id fulani, unarudia kwa zilizoingia katikati, unarudia tena mpaka kipande kilichobaki ni kidogo sana, alafu unazuia maandishi kwa sekunde chache unamalizia na kubadilisha jina. Kama teibo yako inapigwa UPDATE muda wote, tuseme ni teibo ya akaunti au ya tiketi zenyewe, habari ni nyingine, inabidi utumie triga (amri zinazojirusha zenyewe rekodi ikiguswa) za kufuatilia mabadiliko na hapo ndipo makosa yanapoingia bila kuonekana. Kwa teibo ya namna hiyo mi nisingethubutu njia hii, ningebaki kwenye mafungu.

Alafu kuna vitu ambavyo LIKE haivibebi. Foreign key hazihami, triga hazihami, kote MySQL na Postgres. Postgres ruhusa za watumiaji hazihami pia. Na view (kweri zilizohifadhiwa kwa jina) za Postgres zinashikilia teibo yenyewe, sio jina, kwa hiyo ukibadilisha jina view inaendelea kusoma ya zamani bila kelele yoyote, ripoti inatoka, namba haziongezeki. Siku unaiangusha ya zamani inakataa kwa sababu kuna view inaitegemea, ukiongeza CASCADE kwa hasira view inaondoka nayo. Sequence ya id (kihesabu kinachotoa namba mpya) nayo iangalie: kama kolamu ni serial, teibo zote mbili zinatumia sequence moja inayomilikiwa na ya zamani, hamisha umiliki kabla ya DROP. Kama ni identity na umetumia INCLUDING ALL kwenye LIKE ya Postgres, teibo mpya inapata sequence yake inayoanza moja, na rekodi ya kwanza kuingia inagongana na id iliyokwishakuwepo.

Patisheni

Kwa teibo inayokua kwa tarehe na inayofutwa kwa tarehe, hii ndio njia yenyewe, nasema bila kusitasita. Unaigawa teibo kwa mwezi tangu siku inazaliwa, kila mwezi ni faili lake, na kufuta mwezi mzima ni kuangusha faili. Hakuna rekodi inayoguswa moja moja, hakuna undo ya mamilioni, hakuna VACUUM ya kusubiri, na diski inarudi papo hapo.

```
CREATE TABLE miamala_logi (
  id bigint NOT NULL,
  iliyoingia timestamptz NOT NULL,
  simu text, kiasi numeric, jibu jsonb,
  PRIMARY KEY (id, iliyoingia)
) PARTITION BY RANGE (iliyoingia);

CREATE TABLE miamala_logi_2025_07
  PARTITION OF miamala_logi
  FOR VALUES FROM ('2025-07-01 00:00+03')
               TO ('2025-08-01 00:00+03');
```

Postgres wameiweka rasmi namna hii tangu toleo la 10 la 2017, na ikakaa sawa zaidi kwenye 11 na 12. MySQL unaandika ALTER TABLE miamala_logi DROP PARTITION p2024_06 imeisha. SQL Server tangu 2016 unaweza TRUNCATE patisheni moja. Oracle wanayo siku nyingi ila ni nyongeza ya kulipia juu ya Enterprise, kwa hiyo ulizia leseni kwanza kabla hujaijengea mfumo.

Bei yake iko kwenye funguo. Angalia hapo juu, primary key ni id pamoja na iliyoingia. Sio mapambo, Postgres na MySQL zote zinadai kolamu ya kugawia iwemo kwenye kila ufunguo wa kipekee. Kwa mfumo wa malipo hii ina maana kubwa: majibu ya mitandao ya simu yanaweza kuja mara mbili kwa muamala uleule, na wengi tunazuia abiria asiandikiwe malipo mara mbili kwa kuweka UNIQUE kwenye namba ya muamala. Ukigawa kwa tarehe ile UNIQUE ya namba peke yake inakataliwa, na ukiweka namba pamoja na iliyoingia, jibu lilelile likija tena hata sekunde moja baadae linaingia mara mbili na databesi inaona sawa tu. Kwa hiyo ulinzi wa kutorudia malipo usiuweke kwenye logi, uweke kwenye teibo ya malipo yenyewe ambayo haijagawanywa, logi ibaki kuwa logi. Na kwa MySQL foreign key na patisheni haviishi nyumba moja, InnoDB inakataa, ama hiki ama kile.

Kuna na loki. DROP ya patisheni ni ya sekunde ila inataka loki kali kwenye teibo mama kwa huo muda mfupi. Kama kuna ripoti ndefu inasoma hiyo teibo, DROP inasubiri, na kila anayekuja nyuma yake anasubiri DROP, ndani ya dakika moja malipo yote yamepanga foleni nyuma ya amri ambayo ilikuwa iishe chap. Weka mpaka wa kusubiri, ikishindwa ijaribu tena baadae:

```
SET lock_timeout = '3s';
ALTER TABLE miamala_logi DETACH PARTITION miamala_logi_2024_06;
DROP TABLE miamala_logi_2024_06;
```

Postgres 14 imeleta DETACH ... CONCURRENTLY ambayo ni laini zaidi, ila haikubali kama una patisheni ya DEFAULT, ile inayopokea rekodi zisizo na patisheni yake.

Na kweri zisizotaja tarehe zinapiga hodi patisheni zote. Mtu wa huduma kwa wateja akitafuta kwa namba ya simu tu, injini inaangalia indeksi ya kila mwezi. Miezi 12 haisumbui, ila ukigawa kwa siku na kutunza miaka mitatu ni patisheni elfu moja na zaidi, hapo utaona. Mwezi unatosha kwa wengi.

Hizi njia nne zikikaa pamoja sura yake ni hii:

| | Mkupuo | Mafungu | Teibo mpya | Patisheni |
|---|---|---|---|---|
| Diski inarudi? | Hapana | Hapana | Ndio, yote ukiangusha ya zamani | Ndio, papo hapo |
| Nafasi ya ziada wakati wa kazi | Kubwa | Ndogo ndogo, logi za databesi tu | Ya zinazobaki zote na indeksi zake | Hakuna |
| Huduma | Inaweza kulala | Inaendelea | Kusimama kidogo mwishoni | Loki fupi, weka mpaka |
| Kufuta kwa sharti lolote | Ndio | Ndio | Ndio | Hapana, kwa mpaka wa tarehe tu |
| Kazi ya maandalizi | Hakuna | Skripti moja nzuri | Nyingi | Nyingi mwanzoni tu |

Ule mstari wa kufuta kwa sharti usiupite haraka. Mteja akitumia haki yake akaomba taarifa zake zifutwe, patisheni haikusaidii kitu, rekodi zake zimetapakaa miezi yote, hapo unarudi kwenye DELETE ya kawaida kwa namba yake.

Kabla ya kufuta, hamisha

Sheria zinavuta pande mbili. Za kodi zinataka kumbukumbu zikae, Kenya Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inataka miaka 5, na Tanzania kumbukumbu za kodi nazo ni miaka 5. Upande wa pili Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 zinasema usikae na taarifa za mtu kuliko inavyohitajika. Kwa hiyo amua na watu wa fedha na mwanasheria, sio programa peke yake saa nane usiku. Mara nyingi jibu ni kwamba teibo ya malipo inabaki, mwili wa JSON na namba za simu kwenye logi ndio vinaondoka.

Ukihamisha, thibitisha kabla hujaangusha: hesabu rekodi pande zote mbili, na jumla ya kiasi pande zote mbili, zikilingana ndio uendelee. Patisheni hapa nayo inarahisisha sana, unaidetach (unaitenga na teibo mama), unaichukulia nakala kwa pg_dump ikiwa peke yake, unapima, unaiangusha. Na usisahau bakapu, data uliyofuta leo bado imo kwenye bakapu za wiki zilizopita mpaka nazo ziishe muda wake.

Basi uchague ipi

Kama unaanza mfumo mpya na unajua hii teibo itajaa, patisheni leo, usisubiri. Kugawa teibo tupu ni dakika tano, kugawa yenye milioni 400 ni mradi.

Kama teibo tayari ni kubwa na kinachoondoka ni kingi, kama huu mfano wetu, nenda teibo mpya, na ukishajenga teibo mpya ijenge ikiwa na patisheni palepale, kazi mbili kwa maumivu ya mara moja. Hii ndio ningefanya kwa miamala_logi.

Kama kinachoondoka ni kidogo, au teibo inapigwa UPDATE, au ina foreign key nyingi zinazoielekea, mafungu, na uyaache yaendeshe kila usiku kidogo kidogo milele badala ya kusubiri mlima mwingine.

Kama diski iko asilimia 95 sasa hivi unaposoma hii, usianze na DELETE yoyote. DELETE inaandika WAL au binlogi (logi ya mabadiliko ya MySQL) na undo kabla haijakupa chochote, unaweza kuijaza diski kwa amri uliyoirusha ili kuiokoa. Ongeza diski kwanza, au tafuta teibo nzima isiyohitajika uiangushe, upate pumzi.

Kwa watakaochagua patisheni, ile +03 niliyoandika kwenye mipaka msiitoe. Seva nyingi ziko UTC, masaa matatu nyuma ya saa zetu, na Postgres usipotaja inasoma mpaka kwa saa za sesheni iliyounda patisheni. Malipo ya saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai hapa kwetu, kwa UTC ni tarehe 30 Juni saa 21:30, kwa hiyo yanaangukia patisheni ya Juni na yataangushwa nayo, wakati mtu wa fedha anayahesabu Julai. Na weka kazi ya pg_cron au pg_partman (nyongeza za Postgres za ratiba na za patisheni) inayotengeneza miezi mitatu mbele, pamoja na alamu inayopiga kelele kama patisheni ya mwezi ujao haipo ikifika tarehe 20, kwa sababu bila patisheni na bila DEFAULT, malipo ya kwanza ya tarehe 1 usiku yanakataliwa na databesi.